Jinsi Nilivyompanga Amosi Chini ya Nguzo ya Umeme

Kuna Jumamosi moja ya mwaka jana, mwanangu, ambayo kila ikinijia kichwani naona aibu kwanza, halafu napumua. Ilikuwa siku ya kikao cha wazazi. Mimi na Amosi, senta wa timu yetu ya kikapu, tulikuwa tunapanga viti bwaloni, yeye akibeba vinane kwa safari moja, mimi nikibeba viwili na maneno mengi. Baba yangu akaingia kabla ya wazazi wote, kama walivyo watumishi wa wizara ambao hawaiamini saa ya mtu mwingine. Amosi akaweka viti chini, akainama ile inama yake ya mtu aliyezoea kugonga paji la uso kwenye milango, akamwamkia.

"Shikamoo, baba. Mimi ndiye Amosi, mtani wake Elia. Mgogo wa Bahi."

"Marahaba. Mtani tena?" Baba akacheka. "Sisi Wapare, kijana wangu. Watani zetu Wachaga."

"Si Wahehe? Si mmetoka Iringa?"

"Iringa nilipangiwa kazi tu. Kwetu Same."

Amosi akanitazama. Sijui kama umewahi kutazamwa na mtu aliye juu yako kwa kichwa na nusu. Kisha akaokota viti vyake, akavipanga mstari wa mbele mpaka ukanyooka, akaja akachukua na viwili vyangu akavipanga, akatoka. Baba akaniuliza, "Nimesema vibaya?" Nikamwambia hapana. Kweli hakuwa amesema vibaya. Aliyesema vibaya alikuwa mimi, miaka miwili mfululizo.

Nakuita mwanangu nikiwa na miaka kumi na saba, usinikasirikie. Kidato cha nne mbele ya kidato cha kwanza ni mzee kabisa, mgongo unamuuma na mtihani wa taifa unamkohoza. Tena Madamu Neema, mwalimu wetu wa michezo, ndiye aliyeniagiza niwape nasaha ninyi mnaojiunga na timu, akasema nisipoandika ukweli ataandika yeye. Ukweli wake naujua. Bora wangu.

Tulihamia Dodoma nilipokuwa naingia kidato cha kwanza, baba alipohamishiwa makao makuu. Siku ya kwanza nikawekwa dawati moja na mtu ambaye magoti yake hayakuingia chini ya dawati, akakaa ubavu mwaka mzima kama abiria wa baiskeli. Akaniuliza natoka wapi. Nikasema Iringa. Uso ukamng'aa.

"Mhehe? Basi wewe mtani wangu. Nani kakuruhusu kuvuka Mtera uje kwetu?"

Hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa makusudi. Mtani, kama hukulelewa ukajua, ni mtu mwenye ruhusa. Mhehe anaweza kumwita Mgogo anavyostahili na asivyostahili, anaweza kuchukua andazi lake mbele ya macho yake, na Mgogo kazi yake ni kucheka na kumrudishia. Mimi nilikuwa natafuta ruhusa ya namna hiyo tangu nizaliwe. Ningesema "hapana, mimi Mpare", ningepata jirani wa dawati. Nikasema "ndiyo, Mhehe", nikapata leseni. Siku hiyohiyo nilikula andazi lake.

Sasa njoo kwenye kikapu. Shuleni kwetu kuna swali ambalo limewahi kuvunja urafiki, nalo ni hili: kati ya majitu yote yaliyowahi kucheza kikapu cha kulipwa kule Marekani, nani alitawala zaidi? Ninyi mmeshaanza, nawasikia kule bombani. Kuna wanaomtetea yule mpana aliyekuwa akipita katikati ya watu kama anayefungua mlango wa chumbani kwake, akidanki mpaka goli linaomba msamaha. Kuna wa yule wa zamani, wa picha zisizo na rangi, aliyekuwa akiokota ribaundi kama anaokota kuni. Wapinzani wao husema wa zamani alikuwa anacheza na watu wa kimo cha mwalimu wa uraia, hesabu zake hazina maana. Halafu kuna wanaopenda hawa wa sasa, wanaorusha kutoka mbali na kupiga pasi za kuzungusha, ambao wapinzani huwaita wafupi walionyooshwa tu.

Mimi sikuwa mchezaji. Nilikuwa na kipaza sauti. Kila mechi ya nyumbani nilikaa pembeni ya uwanja na kutangaza, na kila Jumatatu nilibandika karatasi ukutani mwa bwalo. Niliiita Ligi ya Minara. Nilikusanya majitu yote ya Marekani niliyoyaona kwenye simu ya kaka yangu, nikayapanga kwa pointi, ribaundi, bloku na danki, kisha nikachanganya na warefu wetu wa Dodoma, nikaona nani anafuata nani. Watu walipanga foleni ya kusoma ndefu kuliko foleni ya maharage.

Kileleni nilibadilisha kila wiki, nisiwachoshe. Katikati nilimweka Kelvin, senta wa shule moja ya kulipia hapa mjini, kijana mnene mwenye viatu vipya kila muhula, tuliyemwita Tanki. Tanki alikuwa anafunga pointi ishirini na kitu kila mechi. Na chini kabisa, nafasi ya mwisho, kila wiki bila kukosa, nilimweka Amosi. Wiki moja nikaona haitoshi. Nikaingiza nguzo ya umeme iliyo nyuma ya jiko, nikaipa bloku mbili, kwa sababu mipira miwili iliwahi kuigonga, na nikampanga Amosi chini yake. Maelezo yalisomeka: *Nguzo angalau huwa inawaka.*

Kwa haki ya hesabu sikumwonea. Amosi alikuwa anafunga pointi nne, siku akiamka vizuri sita. Hakuwa na hamu ya mpira. Alisimama chini ya goli mikono juu kidogo, akienda kushoto, akirudi kulia, hatua za mtu anayepima kiwanja. Viatu vyake tulivitafuta Majengo siku tatu kwenye mitumba, tukapata pea moja tu ya kumtosha, nayo kiatu kimoja ni cha kijani. Nikatangaza hilo pia. Yeye alisoma karatasi, akacheka, akaniambia, "Wewe Mhehe, siku yako inakuja," akaninyang'anya andazi. Ulikuwa utani mzuri. Ila ulikuwa wa kuibwa.

Halafu kukawa na mechi moja ya kirafiki, uwanja umejaa, wasichana wa shule ya jirani wamekuja, na mimi kichwa kimevimba. Amosi akakosa mpira akiwa peke yake chini ya goli. Nikashika kipaza sauti nikasema, "Msimlaumu. Mama yake alimwanika kwenye kamba ya nguo akamsahau, akarefuka hivyo, akili ikabaki kwenye beseni."

Uwanja ulilala kwa kicheko. Amosi naye akacheka, akaninyooshea kidole kutoka kule kati.

Mama yake alifariki Amosi akiwa darasa la tatu. Nilijua, mwanangu. Aliniambia mwenyewe, tena akaniambia kwamba mtani ana ruhusa hata hapo, kwamba kwao msibani watani ndio wanaowafanya watu wameze chakula. Nilichukua na ruhusa hiyo nikaiweka mfukoni pamoja na zile nyingine.

Kwa hiyo sasa unaelewa aliona nini pale bwaloni baba yangu alipotaja Same. Kila alichokicheka kwa miaka miwili kiligeuka papo hapo. Maneno yalikuwa yaleyale, ila aliyeyasema hakuwa mtani tena. Alikuwa mtu tu, anayemtukana mbele za watu, na yeye alikuwa akimchekea.

Jumatatu nilimfuata bombani. Nikaanza na mzaha, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kuanzia. Akafunga bomba kwanza, maji yasipotee.

"Karatasi yako nipange hata chini ya kuku," akasema. "Lakini mama yangu nilimwachia mtani amtaje. Wewe ulikuwa unamtaja kama nani?"

Nikageuka nikarudi darasani.

Likizo fupi ikaingia, wanafunzi wa bweni wakaenda makwao. Shule ilipofunguliwa kitanda cha Amosi kilikuwa kimekunjwa godoro. Jumanne, Jumatano, hayupo. Alhamisi Madamu Neema akaniita ofisini, simu yake iko mezani, mpira chini ya kiti.

"Nimeongea na baba yake Amosi. Anasema kijana anataka kuhamia shule ya kule kwao. Jumatatu mzee anakuja kuchukua karatasi za uhamisho. Nikaomba kuongea na Amosi mwenyewe, nikamuuliza kuna nini. Unajua kaniambia nini?"

"Hapana, madamu."

"Kasema nikuulize wewe."

Nikamwambia yote, mpaka andazi la siku ya kwanza. Alisikiliza huku akikanyaga mpira na kuuachia. Nilitegemea atanichapa au atanipigia kelele, na ningeshukuru. Akasema kwa sauti ya kawaida, "Jumamosi ya wiki ijayo tunacheza na kina Kelvin, hilo dogo. Kubwa ni kwamba yule mtoto hapa ana mwalimu wa fizikia, kule anakokwenda hayupo. Keshokutwa utakwenda Bahi. Barua ya ruhusa naandika mimi. Kipaza sauti kiache hapa."

Nyumbani ikabidi niseme. Baba alipojua nimemfanya Mhehe bila kumshirikisha, aliuliza kama mama naye ni Mhehe au amebaki Mpare peke yake. Kisha akaacha kutania, akanitazama, akasema, "Nenda asubuhi. Usimtume mtu, usipige simu."

Basi la Singida likanishusha Bahi saa tatu, bodaboda ikanifikisha kwenye majaruba ya mpunga. Mwaka ule mvua ilinyesha vizuri, na Bahi mvua ikinyesha vizuri ni maji mpaka unaposhindwa kuona mwisho, na mpunga umesimama ndani yake. Ulikuwa ndiyo umeanza kujaa, na ulipoanza kujaa ndege nao walikuwa wameshapata habari. Kwelea kwelea, mwanangu. Wanakuja kama moshi. Wakitua kwenye jaruba moja robo saa, mwenye jaruba anarudi nyumbani na makapi.

Bibi yake Amosi alikuwa ameketi kwenye tuta, debe kuukuu mbele yake, fimbo mkononi. Nilikuwa nimejifunza salamu njiani kwa yule wa bodaboda.

"Mbukwa, bibi."

Akaniangalia kuanzia viatu. "Mbukwa. Wewe ndiye yule Mhehe wa kutengenezwa."

Nikasema ndiyo, ni mimi, nimekuja kumwomba Amosi msamaha. Amosi alikuwa ng'ambo ya jaruba, nilimwona, si mtu wa kujificha. Hakuja. Bibi akagonga debe mara mbili, kundi la ndege likayumba likaondoka, ndipo akaanza kusema, taratibu, Kiswahili chake akikichagua neno kwa neno.

"Mwaka juzi babu yake huyu alipokufa, watani walikuja kutoka Mtera. Mmoja akaingia kaburini, akalala. Akasema mzee huyu alikuwa mkorofi, hazikwi hapa mpaka nipewe kuku. Mimi nilikuwa sijala siku mbili. Nikacheka. Nikala. Akapewa kuku wake, akatoka, akashika jembe, akachimba mpaka mwisho, akafukia, akalala hapa siku tatu anachota maji. Unanisikia?"

"Nakusikia, bibi."

"Wewe umekula kuku wa mtani miaka miwili. Umechimba nini?"

Upepo ulikuwa unapita juu ya mpunga. Nikasema sijachimba kitu.

"Basi shika debe," akasema, akanyanyuka, akaenda kupika.

Mwanangu, kuamia ndege, yaani kuwafukuza shambani, usione watu wanafanya ukadhani ni mchezo. Nilipewa upande wa mashariki, Amosi akiwa magharibi. Nilikimbia. Nilipiga debe mpaka masikio yakaziba. Nilitupa mabonge ya matope, nilipiga mbinja, nilitangaza mechi nzima ya kutunga kwa sauti ya juu. Ndege wakinyanyuka huku, wanatua kule, nikifika kule wanarudi huku. Niliteleza tutani mara nne. Mara ya tano sikuteleza, nilikaa mwenyewe. Na kila nikiinua kichwa namwona Amosi ng'ambo, anatembea juu ya tuta lake hatua zilezile, mikono imeachana na mwili kidogo, kimya. Hana debe. Hatupi kitu. Kundi linakuja kutoka kwa jirani, linamwona, linakata kona, linakuja kwangu.

Adhuhuri bibi akarudi na ugali na mlenda. Akaniuliza nimefukuza ndege wangapi.

"Wengi sana, bibi. Kama elfu."

"Na Amosi?"

Nikafikiri. "Amosi hajafukuza hata mmoja."

"Wangapi wametua kwake?"

Tonge lilikuwa mkononi. Nikaona ile karatasi yangu ya Jumatatu kama imebandikwa pale hewani, safu zote nne nilizozichora kwa rula, pointi, ribaundi, bloku, danki, na jina la Amosi chini ya nguzo. Nikaziona mechi zetu zote moja moja. Vijana wadogo wepesi wanaokuja kasi mpaka mita mbili kutoka kwenye goli letu, wanaona kile kivuli kinahama kulia kidogo, wanageuka wanatoa pasi nyuma, wanarusha kutoka mbali, wanakosa. Mimi kwenye kipaza sauti nilikuwa nasema wameogopa wenyewe. Nilihesabu kila mpira ulioguswa. Ile ambayo haikurushwa kwa sababu alikuwa pale sikuwahi kuihesabu, na hakukuwa na safu yake.

Nikaenda kwa Amosi na bakuli lake la mlenda. Tukakaa tutani, tumeachana nafasi ya mtu mmoja katikati.

"Nilikuwa nahesabu vibaya," nikasema. Nikamweleza.

Akala kwanza. "Elia, kikapu najua nachofanya. Sikuhitaji karatasi."

"Najua."

"Hujajua bado. Hukuja kwa ajili ya karatasi."

Basi nikasema lile lililonileta, bila kulizungusha, na bila mzaha, jambo ambalo ni gumu kwangu kuliko kukimbia juani. Nikasema nilidanganya kuhusu Iringa kwa sababu nilitaka kumcheka mtu bila kuulizwa. Nikasema mama yake nilimtaja mbele ya watu nikijua, na sikuwa na haki ya kumtaja hata nikiwa peke yangu chumbani. Nikasema nisamehe, sitamtaja tena. Sauti ikakatika pale mwisho, nikajifanya ni vumbi, na tulikuwa katikati ya maji.

Amosi akatazama jaruba. "Mama yako yupo?"

"Yupo."

"Nitamtania mara moja. Halafu tumalizane."

"Sawa kabisa."

Akarudi upande wake, mimi wangu. Saa nane ikapita, saa tisa, saa kumi. Nilikuwa najiandaa. Nilijua mama yangu atapigwa kombora, na nilishajiapiza kulipokea nimesimama. Jua lilipoanza kulegea akaja juu ya tuta, akasimama mbele yangu, kanijaalia kivuli.

"Nimelipata," akasema.

"Haya."

"Mama yako." Akasita. "Mama yako, na wewe ukiwa mwanawe, anahangaika sana."

Nikamsubiri aendelee. Hakuendelea. Ndiyo ilikuwa hiyo, kazi ya mchana kutwa. Alijitahidi, mwanangu, unaona kabisa alijitahidi, akashindwa kupata baya la kumsemea mama wa mtu. Nikaanza kucheka, naye akacheka, na katika kucheka nikateleza tutani, nikakaa kwenye maji mpaka kiunoni, ndipo akacheka mpaka akashika mbavu. Ndege wakatua upande wangu wote. Bibi akapiga kelele kwa Kigogo kutoka jikoni, na Amosi akanitafsiria kwamba anauliza kama Wapare wote wako hivi.

Nililala kwao, na Jumapili mchana tulipanda basi pamoja kurudi mjini. Baba yake alikuwa ameshapiga pasi shati la kufuatia uhamisho. Alimuuliza Amosi mara moja tu, "Kwa hiyo nisivae?" Amosi akamwambia, "Usivae, baba." Mzee akalitundika tena msumarini, akanipa mkono. Kwenye basi nilishusha pumzi ambayo nadhani niliivuta tangu siku ya kikao cha wazazi. Nilikuwa nimechubuka visigino, ngozi ya pua imebanduka, nanuka tope, na nilisikia wepesi ambao sijawahi kuupata kwa kumshinda mtu kwa maneno.

Mechi na kina Tanki ilichezwa Jumamosi iliyofuata, kwenye uwanja wetu wa saruji, kwenye yale magoli yaliyochomelewa na mafundi wa Kizota ambayo moja limeinama kidogo. Madamu hakunirudishia kipaza sauti. Alinipa penseli na daftari. Nikachora safu ya tano, sikuipa jina, na kila mchezaji wao alipoingia chini ya goli akamwona Amosi akabadili mawazo, niliweka kijiti. Mpaka mapumziko vijiti vilishavuka mstari wa kwanza wa ukurasa. Tanki alifunga ishirini na mbili, nampa haki yake, yule mtu akigeuka ni kama gari la mchanga linarudi nyuma. Amosi alifunga pointi sita. Tulikuwa tunaongoza kwa moja, sekunde za mwisho, kijana wao mwepesi akamtoka beki wetu, njia nyeupe, yeye na goli. Amosi alikuwa mbali kidogo. Alipiga hatua mbili tu, zile za kupima kiwanja. Kijana akamwona kwa pembe ya jicho, akaahirisha, akatafuta wa kumpasia. Filimbi ikalia mpira uko mkononi mwake.

Watu walimbeba aliyetufungia nyingi. Amosi alikuwa anaokota chupa za maji. Nikamwonyesha daftari. Akahesabu vijiti, akauliza, "Na nguzo ya umeme imepata vingapi?"

Sasa nikupe nasaha nilizotumwa, kisha nikakate nywele. Ukitaka kulinganisha majitu ya kikapu, ya huku au ya Marekani, linganisha, sikukatazi, ni raha. Lakini zima sauti ya mtangazaji, acha kumtazama mwenye mpira, watazame wale wadogo wakifika karibu na jitu. Nilizirudia video zote za zamani namna hiyo. Kuna mmoja nilikuwa nimempanga wa kumi na moja ambaye watu walikuwa wakifika chini ya goli lake wanakumbuka wana shughuli kwingine. Leo ukiniuliza nani alitawala zaidi sijui, na nimeridhika kutojua. Ninachojua ni kwamba jedwali linaonyesha kile tu ulichofikiria kukichorea safu. Kabla hujamweka mtu mwisho, hasa mchezaji mwenzako, kaa siku nzima upande wake wa uwanja.

La pili ndilo kubwa. Kumcheka mtu ni ruhusa anayokupa yeye, nayo huja na kazi. Kama huwezi kumbebea maji siku ya msiba wake, usimtie kwenye mdomo wako siku ya raha yake. Ukitania, tania kama ulivyo, kwa jina lako na kwenu unakotoka, ili akikasirika ajue anamkasirikia nani. Na maneno yako yakimkosesha mtu usingizi, usimtumie ujumbe wenye vikatuni vya kulia. Panda basi.

Siku hizi Amosi ananiita Mpare, na haninyang'anyi andazi tena. Ananiomba, nami nampa, na tumekubaliana kwamba hivyo ni vibaya zaidi, maana anayeombwa hana pa kukimbilia.

Haya, nenda ukafanye mazoezi. Mungu akukuze kwa kimo na kwa adabu, na kama viwili havitoshi pamoja aanze na adabu. Akupe viatu vya saizi yako, rangi moja. Akuepushe na majeraha ya goti na ya ulimi. Na siku utakapomkosea mtu, kwa maana utamkosea tu, akujalie umkute yuko mahali panapofikika, bado hajafunga mlango.